Wazee wa Adhuhuri

Wanyama wa Emali walikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeitunga: mvua ikibomoa tuta, kila mwenye kwato, ukucha au mdomo hutoka alfajiri kwenda kulijenga upya. Ukambani kazi hiyo huitwa mwethya. Haina mshahara wala mnyapara. Mmoja huchimba, mwingine hubeba, mwingine hushindilia, na jua likizama ngazi za udongo zinakuwa zimerudi mlimani, tayari kuyazuia maji yasikimbie na rutuba. Mvua ya huko ni chache, na ikija huja kwa pupa. Pasipo matuta, misimu miwili tu ingetosha kuufanya mlima uonyeshe mifupa yake.

Kila mjenzi alizaliwa na mkufu shingoni, usiozidi shanga hamsini hivi. Alipozaa wa kumsaidia kazi, ushanga mmoja ulidondoka, na mtoto naye akaja duniani na mkufu uliopungua vivyo hivyo. Siku shanga zilipokwisha, mjenzi aliweka jembe chini, akapewa kigoda chini ya mgunga, akaingia katika nzama, baraza la wazee. Hakuna aliyemcheka. Alikuwa ameitumikia miaka yake, na kijiji kilimsikiliza kwa sababu hiyo.

Mkufu huo sikuubuni mimi. Tunao sote, ndani ya seli za miili yetu. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, katika Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, walionyesha kwamba seli za binadamu zilizokuzwa maabara hujigawa mara 50 hivi, halafu husimama. Kabla yao wataalamu wengi waliamini kwamba seli ikilishwa vizuri haina mwisho. Baadaye ikajulikana shanga zenyewe ni nini: ni telomea, vipande vya DNA vilivyo kwenye ncha za kromosomu, ambavyo hupungua seli inapojigawa. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kueleza jinsi ncha hizo zinavyolindwa.

Uzee wa namna hiyo sina ugomvi nao. Hekaya hii ni ya uzee mwingine, ule uliofika Emali ndani ya gunia.

Ulikuja msimu ambao jua liliyachoma mahindi yakiwa ndiyo yanabeba, kisha mvua ikarudi siku za kuvuna. Wanyama hawakuthubutu kuyaacha nje yakauke, maana njaa ilikuwa karibu na wezi walikuwa wengi. Wakayatia kwenye magunia ya nailoni yangali na unyevu, wakayapanga vyumbani walikolala, juu ya sakafu ya udongo. Baada ya wiki chache Digidigi alifungua gunia lake akaingiza pua. Joto likampanda usoni. Punje za katikati zilikuwa zimeshikana mabonge, zimevaa vumbi la kijani lenye umanjano.

Fisi alikuwa na kisiagi cha unga pale njia panda ya Loitokitok, malori ya Mombasa yanaposimama na vumbi halitulii. Alisikia habari ya ukungu kabla ya jua kutua, akawatembelea nyumba kwa nyumba.

"Jirani zangu," aliwaambia kwa upole, "msitupe chakula mwaka wa njaa. Nileteeni hayo yaliyoharibika, nitayachukua nusu bei."

"Utayafanyia nini, mzee?" Digidigi akauliza.

"Nitalisha kuku."

Fisi hakuwa na kuku. Usiku ule alichanganya debe moja la mahindi ya ukungu na madebe tisa ya mahindi mazima, akasaga laini, ule ukijani ukapotelea katika weupe. Asubuhi gorogoro lake lilikuwa chini ya bei ya soko, na foleni ikafika kwenye reli.

Walioanza kufa ni njiwa. Walikuwa wakiokota punje zilizomwagika mlangoni pa kisiagi, na siku moja Susu Kobe, bibi wa kijiji kizima, aliwakuta sita wamelala kifudifudi chini ya paa, mabawa yamefunguka. Akapeleka habari kwenye nzama. Fisi alikuwapo, amekaa mbele, kwa kuwa ndiye aliyechangia mabati ya zahanati.

"Njiwa wamekula dawa ya panya," alisema.

"Panya wazima," Susu Kobe akajibu. "Nimewaona jana wakicheza pale pale."

"Susu wetu amechoka," Fisi akawaambia wengine, na baraza likarudi kwenye ajenda ya barabara. Wiki iliyofuata wakaanza kufa mbwa.

Watu wa Makueni na Kitui hawahitaji fisi ili kuielewa sehemu hii. Mwaka 1981 wagonjwa 20 wenye macho ya manjano na maini yaliyoharibika walilazwa katika eneo la Makueni, wakati huo likiwa sehemu ya wilaya ya Machakos, na 12 kati yao wakafariki. Mwaka 2004 balaa likarudi kwa ukubwa zaidi: wagonjwa 317 na vifo 125, wengi wao Makueni na Kitui. Mara zote mbili sumu ilikuwa katika mahindi. Ni aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu, na hutengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, anayeupenda mmea uliodhoofishwa na ukame na punje iliyowekwa na unyevu. Mahindi yaliyokusanywa masokoni mwaka ule wa 2004 yalipopimwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo cha sehemu 20 kwa bilioni. Leo kiwango hicho ni sehemu 10. Sumu hii haina ladha ya kumwonya mlaji, na ugali ukiiva nayo haiondoki. Kuyakoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi huipunguza, kwa sababu sehemu yake kubwa hukaa kwenye ganda na kiini, lakini unga wa punje nzima humeza vyote.

Vifo vile vilihesabiwa, vikaandikwa, vikatangazwa. Ninaowafikiria zaidi ni wale wasiohesabiwa: anayekula kidogo leo, kidogo kesho, miaka kumi, bila kulazwa hata siku moja. Aflatoksini ikiingia katika ini, vimeng'enya vya ini lenyewe, katika juhudi za kuisafisha, huigeuza kuwa umbo kali linalonasa kwenye DNA. Papo hapo huzaliwa molekuli za oksijeni zenye pupa, zinazouma kila zinachokigusa. Seli iliyoumizwa namna hiyo ina njia tatu. Itajitengeneza, au itakufa, au itasimama.

Punda alisimama.

Ilikuwa siku ya mwethya. Alipanda mlima na jiwe mgongoni, kijana mwenye nguvu kuliko wote, na mkufu wake ulikuwa na shanga thelathini na moja. Katikati ya mlima akalitua jiwe, akakaa juu ya tuta.

"Umechoka, mwanangu?" Susu Kobe akamuuliza.

"Sijachoka, Susu."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nakula, nalala. Kujenga ndiko siwezi tena."

Kobe akamkagua. Macho hayakuwa na homa. Lakini mwili ulikuwa umetanuka, umekuwa mpana na bapa, umejaza nafasi ya wajenzi wawili. Akaushika mkufu, akahesabu shanga moja moja kwa ukucha, akarudia kuanzia upande wa pili. Thelathini na moja, zote zimekaza kwenye uzi. Jua lilikuwa utosini. Kufikia jioni wengine wanne walikuwa wamekaa, na watoto wakawapa jina: wazee wa adhuhuri.

Mwaka 1994 Qin Chen na Bruce Ames, huko Berkeley, California, walizimwagia seli changa za binadamu haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile ya kusafishia vidonda, kwa kipimo kisichoua na kwa muda mfupi tu. Seli hazikufa. Ziliacha kujigawa, na hata zilipolishwa na kubembelezwa hazikurudi kazini. Watafiti wengine wakapata matokeo ya aina hiyo kwa kemikali nyingine, kwa moshi wa sigara, kwa mionzi, kwa baadhi ya dawa za saratani zenyewe. Mwaka 2000 Olivier Toussaint wa Chuo Kikuu cha Namur, Ubelgiji, na wenzake wakaijadili hali hii kwa jina lake kamili, uzee wa mapema unaoletwa na msukosuko. Seli hizo zina umbo la uzee na tabia za uzee, ilhali akiba ya telomea inaweza kuwa ingalipo.

Hilo ndilo linaloniuma katika habari hii. Heshima ya mzee Ukambani, na kwingine kwetu kote, imesimama juu ya miaka aliyoiishi. Sumu humpa kijana mwili wa mzee na kumnyima miaka. Humwacha na shanga zake shingoni, zinazoonekana na kila mtu, na asiweze kuzitumia.

Fisi aliziona shanga hizo akapata wazo. Wiki ile ile alitundika mikufu ya plastiki mlangoni pa kisiagi, ya rangi zote. "Wazee wa adhuhuri wamepungukiwa shanga," alitangaza. "Ongeza kumi, urudi ujana." Mama yake Punda aliuza mbuzi wake wa mwisho akamnunulia mwanawe shanga ishirini. Punda akazivaa. Sasa akawa na hamsini na moja, naye hakuinuka.

Mwaka 2002 Vera Gorbunova, Andrei Seluanov na Olivia Pereira-Smith walilijaribu jambo hilo kwa seli za binadamu. Walizipa kimeng'enya kinachorefusha telomea, kisha wakazipiga kwa msukosuko wa kemikali. Kimeng'enya kilizisaidia nyingi zisife, lakini hakikuzizuia kuzeeka. Hata hivyo mikufu ya plastiki inauzwa mpaka leo, katika vidonge na krimu zinazoahidi kurudisha saa nyuma, na wanaozinunua ni watu ambao hakuna aliyewauliza wanakula nini, wanavuta hewa gani, wananyunyizia nyanya dawa gani bila barakoa. Siwezi kulitazama hilo bila hasira.

Mlima ulikuwa na walinzi wawili, waliojulikana kwa namba za beji zao. Mbuni alikuwa Hamsini na Tatu. Nungunungu alikuwa Kumi na Sita. Mjenzi aliyetaka kuzaa msaidizi alipita kwao na daftari la ukoo, kwa kuwa mtoto hunakiliwa kutoka humo. Mbuni akikuta ukurasa umechanika alisema "Ngoja," na mafundi wakaushona. Akikuta kurasa zimeungua hazisomeki, alimtuma tarishi wake, Ishirini na Moja, akamwambie mjenzi akae. Nungunungu ndiye aliyekuja baadaye kufunga mlango nyuma yake, na mlango huo haukufunguka tena.

Wazee wa adhuhuri walipofika tisa, vijana waliandamana hadi getini.

"Walinzi hawa ndio wanaotuzeesha!" Digidigi akapaza sauti. "Waondoke!"

Fisi akaunga mkono hoja hiyo, akajitolea kutafuta walinzi wapya kutoka kwa ndugu zake.

"Mwanangu," Susu Kobe akamwambia Digidigi, "Mbuni hakulichoma daftari la Punda. Amelikuta limeungua. Ukimfukuza, Punda atainuka, nakubali. Atazaa watoto kutoka kwenye kurasa ambazo hakuna anayeweza kuzisoma. Umefikiri watoto hao watajenga nini?"

Namba hizo ni za kweli. Protini iitwayo p53 hukagua madhara ya DNA, na p21 ni tarishi wake. P16 hushikilia mlango. Seli iliyosimamishwa nazo haiwezi kugeuka saratani maadamu imesimama. Kwa hiyo uzee huu wa mapema, pamoja na uchungu wake, ni uamuzi wa kutukinga, uliofanywa na mwili uliokosa njia bora zaidi. Wanaosema mwili "umejisaliti" wanamshtaki mlinzi na kumwacha huru aliyeleta moto.

Fisi hakushinda kura, lakini ukungu ulikuwa na njia yake. Mbuni alikuwa na kitabu cha kanuni chenye mistari 393, akilala nacho chini ya bawa. Alikula unga ule ule waliokula wengine. Vumbi la kijani likaingia kitabuni, likaharibu herufi moja tu, katika mstari wa 249. Asubuhi Mbuni alisimama getini kwa urefu wake wote, shingo imenyooka, beji inang'aa, na aliyemtazama hakuona tofauti. Ngiri akapita na daftari lililoungua nusu. Mbuni akalisoma, akafika mstari wa 249, akamruhusu.

Watoto wa Ngiri hawakuwa na mikufu ya kuhesabika. Walijenga usiku na mchana. Walijenga tuta mahali pasipohitaji tuta, wakaziba mkondo wa maji, wakahamia shamba la jirani, wakalijenga nalo. Kijiji kilipogundua, sehemu nzima ya mlima ilikuwa imekwisha kuwa yao.

Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti yalichunguza vivimbe vya saratani ya ini, moja kwa wagonjwa wa Qidong nchini China, la pili kwa wagonjwa wa kusini mwa Afrika, sehemu ambazo watu walikuwa wakila aflatoksini nyingi. Karibu nusu ya vivimbe katika kila kundi vilikuwa na dosari katika jeni la p53, na nyingi ya dosari hizo zilikuwa mahali pale pale: kituo cha 249, herufi moja imebadilishwa. Ni nadra sana kemikali kuacha alama inayosomeka hivyo.

Narudi kwa waliokaa, maana kukaa kwao hakukuwa kimya.

Punda alianza kupiga kelele siku ya tatu. Kwanza aliita msaada, na wapita njia wakaja wakasafisha tuta alilokalia. Hapo kelele zilikuwa na faida. Lakini hakuacha. Alipayuka mchana na usiku, akatema mate yaliyolainisha udongo mpaka tuta chini yake likaanza kumeguka. Swala aliyekuwa akijenga jirani naye, ambaye hakuwa ameonja unga wa Fisi kwa sababu familia yake ilisaga mtama nyumbani, alikaa siku ya kumi. Aliyefuata alikuwa jirani wa Swala.

Ikabidi wajue ni nani amekaa kwa kupumzika na nani amekaa moja kwa moja. Kinyonga alitengeneza maji yenye uchachu kidogo, akatia dawa yake, akawanyunyizia wote waliokuwa chini. Waliokuwa wamepumzika walilowa tu. Wazee wa adhuhuri wakageuka buluu. Kipimo hicho kipo, kilitolewa mwaka 1995 na Judith Campisi pamoja na wenzake huko California, na maabara nyingi bado hukitumia: kimeng'enya fulani ambacho katika uchachu huo huonekana kwenye seli zilizozeeka huigeuza dawa kuwa buluu. Campisi huyo huyo na kundi lake walieleza mwaka 2008 jinsi seli zilizosimama zinavyomwaga kemikali za uvimbe na vimeng'enya vinavyoyeyusha kiunzi kinachozizunguka. Kwa njia hiyo seli chache zilizoumizwa zinaweza kuharibu ujirani mzima. Ngozi hulegea, mishipa hukakamaa, ini huota makovu, na mwenye mwili huo pengine hana hata miaka 45.

Ndipo akaja Fuko, yule asiye na manyoya, kutoka Mtito Andei. Wenyeji humlaumu kwa kula mihogo na viazi vitamu mashambani, lakini sayansi inamdai shukrani. Jennifer Jarvis alieleza mwaka 1981 jinsi jamii yao inavyoishi na malkia mmoja na wafanyakazi wengi, na katika makoloni yaliyotoka Kenya wamepatikana waliovuka miaka 30, umri usiosikika kwa mnyama wa ukubwa wa panya. Fuko alitambaa hadi katikati ya baraza akanusa hewa.

"Mna buluu wengi," alisema. "Kwetu hawabaki. Akishakaa moja kwa moja, kitu ndani yake humaliza kazi, na nafasi yake huchukuliwa na mwingine. Ndiyo maana mimi ni babu na bado nachimba."

Alisema kweli. Mwaka 2023 kundi la Kyoko Miura wa Chuo Kikuu cha Kumamoto, Japani, lilieleza kwamba seli za fuko huyo zikisukumwa kuzeeka huanza kufa zenyewe taratibu, na haidrojeni peroksaidi inayozalishwa ndani yake inahusika na kifo hicho.

Digidigi aliruka juu. "Basi tuwaondoe! Leo!"

Hapo mabishano yakakolea, na niliyemwelewa zaidi ni mama yake Punda, aliyesimama mbele ya mwanawe bila kusema neno. Nataka ieleweke kwamba nazungumzia seli. Mtu mzee haondolewi popote, na yeyote atakayeichukua hekaya hii kwa maana hiyo ameiba kitu ambacho sikukiweka humu. Kwa seli, swali hili ni halali na lina majibu mawili yanayovutana. Mwaka 2011 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliziondoa seli zenye p16 katika panya waliokuwa wakizeeka haraka, na panya hao wakachelewa kupata mtoto wa jicho na kudhoofika kwa misuli. Tangu hapo dawa za kuziondoa zinatafutwa, na baadhi zimefika kwenye majaribio ya binadamu. Lakini mwaka 2014 kundi la Campisi lilionyesha kwamba seli hizo zikiondolewa kwenye kidonda kibichi cha panya, kidonda huchelewa kupona. Kelele za Punda za siku ya kwanza zilikuwa za kweli, na zilileta msaada.

Susu Kobe aliwaacha wabishane mpaka jioni, kisha akaomba nafasi.

"Fuko ametuambia la kwao, nasi tunamshukuru," alisema. "Lakini nimehesabu. Jana walikaa wawili. Leo wamekaa watatu. Hata tungewaondoa wote usiku huu, kesho asubuhi kisiagi kitafunguliwa saa kumi na mbili. Nani ana chupa ya soda?"

Sungura akaleta. Kobe akaiosha, akaianika mpaka ikakauka kabisa. Akaanika na chumvi juu ya bati, ikawa inateleza bila kugandana. Akatia punje za gunia la Digidigi kufikia robo ya chupa, akatia vijiko kadhaa vya chumvi, akaziba, akatikisa kwa muda, akaiacha itulie. Chumvi ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kioo.

"Haya hayajakauka," alisema. Akarudia kwa mahindi yake mwenyewe, aliyoyaanika juu ya turubai na kuyahifadhi juu ya mbao. Chumvi yote ikashuka chini, kioo kikabaki safi.

Chupa haioni sumu. Inaonyesha unyevu, nao unyevu humpa kuvu nafasi akiwa ghalani. Sumu yenyewe inahitaji kipimo cha maabara. Shambani kuna kazi ya kutangulia, na Kenya imeianza: watafiti wa shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, pale Katumani, Machakos, wanahusika na Aflasafe KE01, ambayo ni kuvu wa jamii ile ile wasiotengeneza sumu, wanaotawanywa shambani kabla ya mavuno ili wawahi nafasi. Inafanya kazi. Inapaswa kumfikia mkulima wa Emali kwa bei anayoimudu, naye apate turubai na mahali pakavu pa kuweka gunia lake, na mahindi ya sokoni yapimwe kabla hayajafika kwenye kisiagi. Hayo ni mambo ya bajeti ya kaunti na ya kitaifa, na mpiga kura ana haki ya kuyadai kwa majina yake.

Usiku ule wanyama walikwenda kisiagini na chupa. Walikuta magunia arobaini yamepangwa hadi darini, wakapima kila moja. Yaliyoshika chumvi yakawekwa upande, na yenye vumbi la kijani hayakuhitaji chupa.

"Sawa," Fisi alisema, "nimewaelewa. Sitayauza hapa. Lori linaondoka alfajiri, nitayapeleka Sultan Hamud."

Waliokuwa nyuma walianza kurudi nyumbani, wameridhika. Mama yake Punda ndiye aliyekwenda akakaa mbele ya gurudumu la lori.

"Sultan Hamud kuna wana wa watu," alisema.

Wakaitisha mwethya saa ile ile, gizani. Shimo lilichimbwa mbali na mto, magunia yakachanwa, mahindi yakachanganywa na majivu asije mtu kuyafukua, yakafukiwa. Fisi alidai fidia, na nzama ikamjibu kwamba fidia itajadiliwa siku atakayotaja idadi ya njiwa. Kisiagi kikatiwa komeo, ufunguo akakabidhiwa Susu Kobe. Kanga wawili wakatumwa kabla ya mapambazuko, kila mmoja na chupa kavu na pakiti ya chumvi, mmoja Sultan Hamud na mwingine Kiboko, wawahi masoko hayajafunguliwa.